Mkunjo wa Swali la Tano

Wanafunzi walimwita Thibitisha. Jina la utani likishamganda mtu halibanduki, na hili lilimganda tangu mwaka wake wa pili wa kufundisha, kwa sababu ndilo neno lililotoka kinywani mwake mara nyingi kuliko salamu. Mwanafunzi akisema pembe hizi mbili ni sawa, mwalimu aliinua kidevu: "Thibitisha." Akisema jibu ni kumi na saba: "Thibitisha." Husimuliwa kwamba binti mmoja aliyechelewa kipindi alijieleza kuwa mama yake anaumwa, naye akamjibu vivyo hivyo, halafu akatahayari mbele ya ubao huku darasa zima likiangua kicheko.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa, thelathini na mmoja kati ya hiyo akifundisha hisabati katika sekondari ileile, chumba kilekile cha mwisho wa veranda. Kustaafu kulikuwa kumebaki miezi minne. Lakini heshima yake mjini haikutokana na chumba kile. Ilitokana na kazi asiyolipwa: alikuwa msahihishaji mkuu wa mashindano ya hisabati ya shule za mkoa.

Mashindano yenyewe yana utaratibu mkavu. Wanafunzi mia mbili na ushee huketi saa nne na maswali sita. Kila swali lina maksi saba, na kila jibu huandikwa kwenye karatasi yake peke yake. Hakuna jina, kuna namba tu. Majina hukaa kwenye bahasha iliyofungwa mpaka maksi zijumlishwe. Sita wa kwanza huenda fainali ya taifa. Wa saba hupewa cheti na kupigiwa makofi, akarudi nyumbani.

Miaka kumi na mmoja nyuma, Thibitisha aligundua jambo ambalo wenzake saba hawakuliona. Karatasi kadhaa zilikuwa zimekunjwa kidogo kwenye kona ya juu kulia, na zote zilikuwa zimepata maksi za ukarimu kutoka kwa msahihishaji mmoja. Kona ilikuwa salamu: mimi ni yule wako. Msahihishaji yule aliondolewa, gazeti likaandika, na Thibitisha akaombwa atunge kanuni ya kuziba tundu hilo. Akaiandika kwa mkono wake, ikawa kanuni ya tisa: karatasi yoyote yenye mkunjo, tundu au doa la makusudi itafutwa bila kusahihishwa, na uamuzi wa msahihishaji mkuu hautakatiwa rufaa. Mtu akilalamika kwamba kanuni ni kali mno, alikuwa na jibu lake: "Sheria ni msumeno, ndugu yangu. Unakata mbele na nyuma."

Aliusema msemo huo miaka kumi na mmoja bila kuwahi kukaa upande wa nyuma wa msumeno.

Mwaka huu usahihishaji ulifanyika Jumamosi, kwenye ukumbi wa ofisi ya elimu. Wasahihishaji wanane walikaa kwenye meza ndefu, na mwisho wa meza kulikuwa na chupa mbili za chai. Thibitisha alijiwekea swali la tano kwa sababu alilitunga mwenyewe na alilipenda. Lilisema hivi: nyumba na bustani viko upande mmoja wa mto ulionyooka. Mtu anatoka nyumbani, anachota maji mtoni, anayapeleka bustanini. Achote mahali gani ili atembee mwendo mfupi kuliko wote? Thibitisha.

Utamu wa swali uko kwenye hila moja. Mto unauchukulia kama kioo. Nyumba inakuwa na kivuli chake ng'ambo, umbali uleule kutoka ukingoni. Unaunganisha kivuli na bustani kwa mstari mmoja ulionyooka, na pale mstari unapokata mto ndipo pa kuchota. Jibu lake rasmi lilikuwa na mistari kumi na tisa, na mchoro uliochorwa kwa rula, bikari na kile kipembetatu cha plastiki ambacho hukaa kwenye mkebe wa hesabu.

Mchana ulipokaribia, ilimfikia karatasi namba 143. Ilikuwa na mkunjo uliopita karatasi nzima, ukingo hadi ukingo, na vitundu viwili vidogo kama vya sindano. Chini yake kulikuwa na mistari mitatu ya mwandiko mdogo. Thibitisha aliinyanyua mkabala na dirisha, nuru ikapenya kwenye vitundu.

"Jamani," aliwaambia wenzake, "huyu katuletea chujio."

Meza nzima ilicheka. Mwalimu kijana aliyekaa karibu yake akadakia, "Labda panya wa shule yao nao wamefanya mtihani, mzee."

"Basi tumpe panya maksi zake," alisema Thibitisha, wakacheka tena. Kisha akatoa kalamu nyekundu, akaandika BATILI, KANUNI YA 9, akaweka sahihi, akavuta karatasi namba 144. Kazi hiyo yote haikufika dakika moja.

Matokeo yalitoka Ijumaa iliyofuata. Wa sita alikuwa kijana wa shuleni kwake, aliyemfundisha tangu siku ya kwanza, ambaye wenzake walimwita Kipanga kwa vile hakuna hesabu iliyompita. Thibitisha alikuwa amempeleka mashindanoni mara mbili na mara zote mbili kijana alirudi mikono mitupu. Sasa alikuwa na maksi thelathini na moja na nafasi ya fainali. Mwalimu huyu, ambaye hakuwa mtu wa kuruka, aliruka kidogo kwenye chumba cha walimu, akajifanya amejikwaa.

Mkewe alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, na Jumapili mchana alikuwa akishona shati jeupe la Kipanga la safari. Thibitisha alikaa kwenye kochi na kikombe cha chai, miguu imenyooshwa, mtu aliyeridhika na wiki yake.

"Baba, haya mabega ni ya mtoto au ya mlinzi wa geti?" mkewe alimuuliza huku ameshika karatasi ya vipimo. "Ulimpima kwa nini, kwa macho?"

"Atakua nalo."

"Anasafiri wiki ijayo, hasafiri baada ya miaka mitatu. Haya, tutalipunguza."

Alilaza kitambaa cha kifuani mezani, akachora kwa chaki mahali pa mfuko mmoja, wa kushoto. Halafu akakikunja kitambaa katikati, akachukua pini, akaichoma kwenye kona ya mfuko ikapenya hadi upande wa chini. Akachoma kona ya pili. Akakikunjua.

Thibitisha alishusha kikombe.

"Unafanya nini hapo?"

"Mifuko."

"Hapana, hiyo pini. Mbona hupimi upande wa pili?"

"Miaka thelathini tunaishi nyumba moja, hujui mifuko inawekwaje?" Alikuwa anacheka. "Nikipima huku na kule, mmoja utakuwa juu, mwingine chini, mtoto wa watu aonekane kama anateremka ngazi. Nakunja katikati, natoboa mara moja, upande wa pili unajipima wenyewe."

"Na umbali kutoka kwenye mkunjo..."

"Ni uleule. Utakuwaje mwingine wakati kitambaa ni kilekile?" Alikinyanyua kitambaa mkabala na dirisha kumwonyesha. Nuru ikapenya kwenye vitundu. "Ona mwenyewe. Au unataka nithibitishe?"

Joto lilimpanda kutoka kifuani, likamfika masikioni. Mkunjo wa karatasi namba 143 haukuwa wa pembeni wala wa bahati mbaya. Ulipita juu ya mto. Yule mtoto aliukunja mto wenyewe, akaitoboa nyumba, akakunjua, na nyumba ikawa na kivuli chake ng'ambo, umbali uleule, bila rula wala kipembetatu. Mkunjo haukuwa ishara ya siri kwa mtu yeyote. Mkunjo ndio uliokuwa uthibitisho.

Lililomuumiza zaidi lilikuja nyuma ya hilo, polepole. Alijaribu kuikumbuka ile mistari mitatu ya mwandiko mdogo. Alikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Angeweza kukutajia kosa la mwanafunzi wa miaka ishirini nyuma. Lakini katika ile mistari mitatu hakukumbuka hata neno moja, na mtu hawezi kukumbuka asichokisoma.

"Chai imekuwaje?" aliuliza mkewe.

"Imepoa," alisema, akatoka kwenda kusimama uani ambako hakuwa na shughuli yoyote.

Jumatatu saa mbili kamili alikuwa ofisi ya elimu. Katibu wa kamati ya mashindano, mwanamke wa makamo ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake, alimfungulia stoo yalikohifadhiwa maboksi ya karatasi.

"Shikamoo mwalimu. Mbona asubuhi asubuhi? Umekuja kuhakikisha hatujamuuza Kipanga wako?"

"Marahaba. Nataka namba mia arobaini na tatu, swali la tano."

Katibu alilitafuta boksi, akampa karatasi. Thibitisha aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma tena akiwa amekaa juu ya boksi jingine. Mwandiko ulikuwa mdogo lakini safi:

"Nimekunja karatasi kwenye mto na kutoboa nyumba kwa bikari. Kila njia ya kutoka nyumbani hadi mtoni ina pacha wake wa kutoka kwenye tundu la ng'ambo, sawa kwa urefu. Kutoka tunduni hadi bustanini njia fupi ni iliyonyooka, kwa hiyo anachota pale inapokata mkunjo."

Basi. Mistari mitatu. Yake yeye kumi na tisa. Na juu ya mistari hiyo, kwa wino mwekundu, sahihi yake iliyonakshiwa mkia kama ya waziri.

"Huyu mtoto alipata ngapi kwa jumla?" aliuliza, ingawa alianza kuogopa jibu.

Katibu alifungua orodha kwenye simu yake. "Mia arobaini na tatu... ishirini na tisa. Ni wa saba. Msichana, wa ile sekondari ya kule kiwandani." Alikuwa amejifunza hesabu kwa mtu huyu na hakuhitaji kufafanuliwa. "Ishirini na tisa na saba ni thelathini na sita. Angekuwa wa tatu."

"Ndiyo."

"Na Kipanga angekuwa wa saba."

"Ndiyo."

Katibu alifunga mlango wa stoo. "Mwalimu, nakuheshimu kama baba yangu, kwa hiyo nitasema. Ukilifungua hili, unajua maneno yatakayosemwa. Wa saba kafutwa na wewe kwa mkono wako, bila msahihishaji wa pili. Wa sita ni wa kwako. Nani ataamini hukujua? Hata mimi ningekuwa mtu wa mbali, nisingeamini."

"Namba hazina majina."

"Thibitisha," alisema katibu, bila kejeli. Angethibitishaje kwamba hakuutambua mwandiko asioujua? "Kanuni ni yako, mwalimu. Karatasi batili haina rufaa. Hakuna atakayeuliza. Umebakiza miezi minne, uagwe vizuri, uende zako."

Thibitisha aliiangalia karatasi. Haidhuru tuseme kweli: alilipima shauri lile. Alilipima kwa muda wa kutosha kuona jinsi lilivyo jepesi. Yule msahihishaji wa kona zilizokunjwa yeye ndiye aliyemfanya afukuzwe, na sasa yeye alikuwa amekaa juu ya boksi, ndani ya stoo iliyofungwa, na tofauti kati yao ilikuwa ni kwamba yule aliijua karatasi aliyokuwa akiisoma.

"Niletee karatasi niandike," alisema hatimaye.

Barua waliiandika pamoja, na hapo ndipo aibu ilipopata mwanya wa kujificha. Alianza: "Nilifanya kosa." Katibu, kwa wema, akasema hiyo imekaa kama mtu anayejifunga kamba mwenyewe. Wakaibadilisha. Mwishowe ilisomeka: "Kwa kulazimika na tafsiri kali ya kanuni ya tisa, msahihishaji mkuu hakuweza kuzingatia hoja ya mtahiniwa. Baada ya tafakuri, anapendekeza karatasi isahihishwe upya." Ilikuwa barua nzuri. Kila neno lilikuwa na suti na tai. Kanuni ndiyo ilikuwa imekosea. Mzee alikuwa mtumishi wake tu. Aliisaini bila kuisoma mara ya pili, yeye ambaye hakuwahi kusaini kitu bila kukisoma mara tatu, isipokuwa ile siku moja.

Jumanne wasahihishaji wawili, kila mmoja peke yake, waliisoma namba 143. Wote walitoa saba. Kamati ilibadilisha orodha mchana huohuo, msichana akawekwa wa tatu. Mwenyekiti alisimama kumpongeza Thibitisha kwa ujasiri. "Wangapi wetu wangeweza?" aliuliza, na wakapiga makofi. Yule kijana wa utani wa panya alipiga kwa nguvu kuliko wote. Hakuonekana kukumbuka chochote. Makofi yale yalimkaa Thibitisha mwilini kama upupu. Nyuma ya mlango alimsikia mtu akinong'ona, "Kapima upepo, akaona bora ajitaje kabla hajatajwa," na kwa namna ya ajabu hilo likamkera kidogo kuliko pongezi.

Kipanga aliambiwa na mwalimu mwenyewe, jioni, kwenye chumba cha mwisho wa veranda. Alimchorea mto ubaoni, akamweleza jambo lote, ila aliitumia lugha ya barua: kanuni, tafsiri kali, kulazimika. Kijana alisikiliza huku akikwangua dawati kwa ukucha.

"Mwalimu, si ungenyamaza tu?"

"Nisingeweza."

"Mama ameshawaambia majirani wote. Ameshawaambia mpaka watu asiopatana nao." Kisha akachana karatasi kwenye daftari, akaikunja, akaitoboa kwa bikari, akaikunjua. Akaiangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hii ni nzuri," alisema kwa hasira. "Hii ni nzuri kuliko ile uliyotufundisha. Mimi niliandika ile uliyotufundisha."

"Najua."

"Ile niliikariri tu, mwalimu." Akachukua begi lake akaondoka, na hakuaga.

Shati lilikuwa limeisha, limepigwa pasi, limetundikwa sebuleni. Mkewe alisikia habari, akalitazama, akasema, "Atalivaa tu. Nguo haiulizi unaenda wapi." Halafu akamtazama mumewe jinsi anavyoitazama nguo iliyopindwa vibaya. "Na wewe una nini tena? Si umeshasema?"

"Nimesema."

"Mbona huli?"

Aliisogeza sahani pembeni.

Jumatano aliomba ruhusa, akaenda sekondari ya kule kiwandani kumwona msichana. Hakutumwa. Mkuu wa shule alimpokea kwa heshima kubwa, akamwambia barua ya kamati ameshaipata na ameshamsomea mtoto mwenyewe, akawaachia benchi lililo nje ya maabara wazungumze. Msichana alikuwa na miaka kumi na sita, mwembamba, mikono ya sweta imeishia karibu na viwiko. Alisalimia, akakaa kwenye ncha ya benchi kama mtu anayeweza kuambiwa aondoke wakati wowote.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, binti. Hongera."

"Asante." Akasita. "Kwa hiyo ilikuwa sahihi?"

"Ilikuwa sahihi. Ilikuwa bora kuliko jibu langu."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kana kwamba habari ya fainali ni kitu kidogo na hii ndiyo aliyoingojea. "Nilipoona ishirini na tisa nilihesabu, nikajua la tano limekataliwa lote. Nikamwambia baba kumbe kukunja si hesabu. Hesabu ni ya wenye vifaa."

"Nani kakuambia hivyo?"

"Hakuna. Niliona matokeo."

Thibitisha alitazama chini. "Kwa nini ulikunja?"

"Sikuwa na kile kipembetatu. Na rula yangu imevunjika." Akaitoa mfukoni kumwonyesha, ilikuwa imebaki kipande cha sentimita kumi na moja. "Msimamizi alisema hakuna kuazimana. Nikasema basi, nikunje."

Ndani ya maabara mtu alikuwa akiosha vioo vya majaribio, maji yakitiririka. Thibitisha alifikiri kwamba sasa angeweza kusimama, kumpa mkono, kwenda zake. Kazi ilikuwa imekwisha kwa namna ambayo kila mtu aliikubali.

"Mwalimu," alisema msichana, "naomba kuuliza. Yale maneno niliyoandika chini, hayakueleweka? Niliyafupisha kwa sababu muda ulikuwa unaisha. Ningeandikaje ili msahihishaji aelewe? Ili kule fainali nisirudie kosa."

Alikuwa ameshika kalamu. Alikuwa tayari kuandika jibu.

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa. Ungeongeza sentensi moja, binti. Ungetaja kwamba mto ni kioo. Ungeeleza kwa nini pacha ni sawa. Ushauri wa kawaida wa mwalimu, na mtoto angeuandika, angeubeba mpaka fainali, na maisha yake yote angeamini kwamba siku ile kosa lilikuwa lake.

"Yalieleweka," alisema Thibitisha. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Usibadilishe hata neno. Sikuyasoma."

Msichana alimwangalia.

"Hukuyasoma?"

"Niliona mkunjo. Niliinyanyua karatasi yako dirishani, nikawaonyesha wenzangu, nikasema umetuletea chujio. Wakacheka. Nami nikacheka. Kisha nikaifuta. Sikusoma hata mstari mmoja."

Alitegemea atalia, au atakasirika, au atasema si kitu mwalimu, jambo ambalo lingekuwa baya kuliko yote. Msichana hakufanya lolote kati ya hayo. Alikunja uso kama mtu aliyepewa mlinganyo usiolingana.

"Lakini barua aliyonisomea mkuu inasema kanuni ilikuzuia."

"Inasema hivyo."

"Kwa hiyo si kweli."

"Si kweli. Kanuni inasema nisisahihishe. Haikusema nisisome. Ningesoma ningejua mkunjo ni wa swali, ningeita kamati." Akapapasa mifuko, hakuwa na kalamu. "Nitaandika nyingine."

Msichana alichana karatasi mbili katikati ya daftari lake, akampa moja pamoja na kalamu yake. Thibitisha aliandika juu ya paja, kwenye benchi, bila katibu wa kumsaidia kuchagua maneno. Aliandika kwamba barua ya kwanza ilisemwa kwa namna ya kumsitiri. Aliandika habari ya dirisha na habari ya chujio. Aliandika kwamba mtahiniwa hakuwa na kifaa na hakukosea popote, na kwamba kuanzia leo kamati imtafute msahihishaji mkuu mwingine, kwani hangoji kustaafu. Mwandiko wake uliosifiwa miaka thelathini ulionekana kama wa mtoto anayeandika garini.

Alipomaliza alimpa asome, kwa sababu ilimhusu. Msichana alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, akafika katikati, akarudi nyuma, akasimama.

"Hapa," alisema, "umeandika 'mistari mitatu ya mtahiniwa sikuielewa'."

"Ndiyo."

"Umeniambia hukuisoma." Hakusema kwa ukali. Alisema jinsi mtu anavyomwonyesha mwenzake ishara ya kutoa iliyosahauliwa. "Asiyeelewa amesoma, mwalimu."

Thibitisha aliisoma sentensi. Ilikuwa hapo, kwa mwandiko wake, na hakuwa na habari nayo. Hata sasa, peke yake kwenye benchi na mtoto wa watu, mkono ulikuwa umejitafutia pa kusimama.

Alichukua kalamu, akalikata neno kwa mstari mmoja, akaandika juu yake sikuisoma, akaweka sahihi ndogo pembeni kama ilivyo desturi ya masahihisho. Kisha akamrudishia karatasi, akainuka, akasimama mbele yake mikono nyuma, akasubiri aisome tena tangu mwanzo.